Wamucii, wa Ubongo na wa Kuvu

Gatimu wa Wamae alianza kumshuku dada yake siku ile aliporudi kutoka ng'ambo akasema hataki kujenga. Mtu wa kijiji cha Wamagana akirudi hujenga. Hata kama hana nguvu ya kumaliza, huchimba msingi, humwaga mawe, akaacha majani yaote hapo juu, mradi watu wapitao wajue kwamba mtu amerudi. Wamucii alirudi, akala githeri kwa baba yake siku kadhaa, akatembea kahawani akigeuza majani na kuyachungulia chini, halafu akashuka mjini Nyeri akapanga vyumba viwili Majengo, kwenye ploti ya mama mmoja anayeitwa Rukaya, hatua chache kutoka msikitini.

"Sasa huyo anaficha nini huko?" Gatimu alimwuliza mkewe, Ngendo.

Ngendo alikuwa anakamua. Alisema labda hafichi chochote, labda anataka tu kukaa karibu na kazi. Gatimu akaguna, akaenda zake kukata nyasi za ng'ombe.

Tuelewane mapema: Gatimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushuku, basi, na kushuku kwake kulikuwa kumemfaa. Mwaka ule majirani walipouziwa mbolea iliyochanganywa na mchanga, yeye ndiye aliyelifungua gunia palepale dukani, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaondoka. Tangu hapo watu walimpelekea vitu aviangalie. Mtu anayesifiwa kwa jambo moja hawezi kuliacha, na Gatimu alishuku mizani ya kiwanda cha kahawa, akashuku mwenye kuleta dume la ng'ombe, akashuku hata mahubiri yakiwa marefu kupita kawaida.

Lakini dada yake alimshuku kuliko wote, na alikuwa na sababu zake.

Wamucii alikuwa wa ajabu tangu utotoni. Alikuwa akificha ugali kwenye mikebe chini ya kitanda hadi uote manyoya, ya kijani, meusi, mengine rangi ya chungwa, na kila asubuhi kabla ya shule anainama kuyatazama. Mama yao alimchapa kwa hayo. Baba, Mzee Wamae, alisema muache, kama ni ugali tu basi ni ugali wake. Akasoma, akapita, akaenda chuo Nairobi, kutoka huko akaenda nchi ya baridi, na huko akawa mtu wa ubongo.

Alipokuja likizo ya kwanza aliwaeleza kazi yake mezani. Alisema wazee wa kule, wale wanaokufa wakiwa wamesahau hata watoto wao, familia zao huacha ubongo wao uchunguzwe. Yeye huukata vipande vyembamba, huvitia rangi, hukaa na hadubini akitafuta kilichowaharibu. Alisema ndani ya kila seli kuna protini, na protini inatakiwa ikunjwe vizuri kama nguo safi. Ikikunjwa vibaya inarundikana, seli inashindwa kuzoa hiyo takataka, inasongwa, inakufa. Alikuwa akieleza kwa furaha, mikono hewani. Watu wote mezani walikuwa wameacha kula.

"Na hao wazee walikubali?" Gatimu aliuliza.

"Walikubali wakiwa na akili zao."

"Ulikuwako?"

Wamucii akasema hapana, hakuwako. Gatimu akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sahani yake. Hilo aliliweka moyoni.

Halafu, baada ya miaka ya ubongo, dada yake akauacha. Kijijini hakuna aliyeelewa. Gatimu alielewa upesi: amefukuzwa. Ukweli ni kwamba Wamucii alichoka na vitu vilivyokufa. Ubongo wa marehemu ulimwonyesha nyumba ikiwa majivu, naye alitaka kuuona moto ukiwaka. Kwa hiyo aliichukua hamira, hii hii ya mandazi, akaitia protini ya binadamu, akakaa nayo kwenye hadubini. Seli ya hamira ni ndogo, lakini ina njia zake za kuzoa takataka zinazofanana na zetu, na unaweza kuiangalia ikiwa hai. Hamira ni aina ya kuvu. Aliingia humo akitafuta ubongo, akajikuta ameipenda kuvu yenyewe: jinsi inavyojenga ukuta wake, inavyojua pa kupindia, inavyopapasa jani mpaka ipate mlango. Na alipofikiria kuvu alifikiria kahawa ya kwao iliyokuwa inaliwa kila msimu na kutu ya majani, ambayo nayo ni kuvu. Chuo kimoja cha mjini Nyeri kikampa chumba, hadubini na friji, akarudi.

Watu wakamwita Daktari. Walimletea magoti, walimletea migongo. Akisema yeye si daktari wa watu, walidhani anaringa.

Mzee Wamae peke yake hakumwita Daktari. Alimwita Mama. Hiyo ni desturi yetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na kijana wa kwanza huitwa jina la babu. Kwa hiyo Gatimu alikuwa ni babu yake mwenyewe, na Mzee alipenda kumchokoza nayo. "Baba, umeniwekea chai?" "Baba, leo niko na ruhusa ya kwenda sokoni?" Walicheka miaka yote. Na kwa sababu ya mchezo huo, hakuna aliyejua ni lini hasa Mzee aliacha kucheza. Alimwita mwanawe Baba, naye Gatimu akajibu kama kawaida, na ilichukua muda mrefu sana kabla hajaona kwamba mzee anayeuliza kama anaweza kutoka nje kucheza hacheki.

Wamucii alipanda kutoka mjini, akakaa na baba yake juani, akamwuliza huu ni mwezi gani, akamwambia amchoree saa. Mzee alichora duara, akaziweka namba zote upande mmoja. Wamucii alikwenda kahawani peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Naujua ugonjwa huu," alisema. "Nimekaa nao nusu ya maisha yangu. Hauna dawa, Gatimu. Tutamtunza tu."

Mara hiyo Gatimu alimwamini. Hakuamini saa ya kuchorwa wala maswali. Aliyaamini yale macho.

Wakamtunza. Lakini ugonjwa ule ukaanza kuwa na mambo yake. Mzee alishika kichwa na kulia. Alitembea akipepesuka, na yeye hakunywa pombe hata siku moja. Alitapika. Mwanga wa mlangoni ulimwumiza, akageukia ukuta. Siku nyingine akili ilirudi saa nzima, akawauliza habari za kahawa, kisha ikaondoka tena. Jumapili moja Wamucii alimkuta hivyo.

"Huenda nilikosea," alisema. "Ule ugonjwa hauumizi kichwa namna hii. Nataka apelekwe hospitali, watoe maji ya uti wa mgongo. Naogopa ni kuvu."

Ati kuvu. Gatimu alimtazama dada yake, na mambo yote aliyokuwa ameyaweka yakatoka kwa pamoja.

"Ulipokuwa wa ubongo, baba alikuwa mgonjwa wa ubongo," alisema. "Sasa wewe ni wa kuvu, baba ako na kuvu. Kesho ukisomea mbuzi sijui ataugua nini."

"Gatimu."

"Kila kitu unachosoma ndicho baba anaugua. Wewe huoni hiyo ni kitu ya kushangaza?"

Wamucii alisema anaona. Alisema ndiyo maana anataka maji, kwa sababu maji hayajui yeye amesomea nini. Lakini maji ya mgongo ni neno baya. Kila mtu Wamagana anamjua mtu anayemjua mtu aliyetolewa maji ya mgongo akabaki kitandani. Gatimu alikataa. Yeye ndiye aliyeishi na baba, yeye ndiye aliyemwosha, na kama mtu wa kusema ndiyo alikuwa mmoja, basi ni yeye.

Hapo Mzee, aliyedhaniwa amelala, akainua kichwa kutoka ukutani.

"Baba," alimwambia Gatimu, "niruhusu niende na Mama."

Hakuwa anacheza. Gatimu akatoka nje kuita gari.

Maji yalitolewa, na Mzee hakupooza. Daktari wa wodi alikuwa kijana mpole wa mjini aitwaye Jamal. Alimwita Wamucii maabara aangalie mwenyewe, na Gatimu akabaki kwenye benchi la varanda. Kwa hiyo ndiye aliyemwona dada yake akitoka. Alitoka amejishika mdomo, akaegemea ukuta, akidhani yuko peke yake, akatabasamu. Kisha akamwona kaka yake, akajikaza uso, akaja kumwambia kwamba ndiyo, ni kuvu, imeingia kwenye utando wa ubongo, huishi kwenye mavi ya ndege na magogo yaliyooza, na mtu huivuta na pumzi tu bila kujua.

Gatimu hakusikia nusu ya hayo. Baba yake ana wadudu kichwani, na binti yake anatabasamu. Alijisemea moyoni: amepata alichokuwa anatafuta.

Mzee alilazwa, akawekewa dawa kali ya mshipa. Majengo si mbali na hospitali, na Rukaya mwenye ploti alileta uji kila asubuhi kwa birika lililofunikwa kanga. Gatimu alimshukuru, akauonja kwanza yeye. Siku zikaenda, na Mzee akaanza kurudi. Alitambua wodi. Alitambua kwamba Gatimu ni mwanawe, akamwita Baba kwa kucheka. Madaktari wakasema aende nyumbani, lakini ameze vidonge kila siku kwa miezi mingi, asiruke hata siku moja.

Na hapa Wamucii alifanya kosa, kosa la mtu mwenye furaha. Alitaka kumweleza kaka yake dawa ile kwa lugha ya mkulima.

"Ni dawa ya kuvu," alimwambia, akimwekea mfuko mkononi. "Hata ni ukoo mmoja na ile wewe unanyunyizia kahawa ikishikwa na kutu. Zinafanya kazi namna moja. Zinainyima kuvu mafuta ya kujengea ngozi yake, inavuja, inakufa."

Gatimu alisema sawa.

Sasa mfikirie Gatimu na dawa ya kahawa. Akinyunyizia, huvaa koti la mvua jua likiwaka, hufunga kitambaa puani, na watoto hufungiwa ndani. Hagusi kiwele cha ng'ombe kabla ya kuoga. Kahawa haichumwi mpaka siku zipite. Mikebe yote hukaa kwenye stoo yenye kufuli, na ufunguo anao yeye shingoni, maana alimjua jirani aliyechanganya dawa kwa mikono mitupu akatapika hadi akaisha. Mtu huyo ndiye aliyeambiwa ampe baba yake kitu cha ukoo ule ule, kwa mdomo, kila siku.

Alimpa. Alimpa akimtazama. Midomo ya Mzee ikakauka na kupasuka. Hamu ya chakula ikapungua. Asubuhi moja Ngendo alikuta nywele nyeupe zimebaki juu ya mto. Wamucii alipoulizwa kwa simu alisema ni kawaida, dawa hufanya hivyo, zitaota tena, aendelee. Kawaida. Gatimu alikata simu, akaenda stoo, akaufungia ule mfuko pamoja na mikebe ya kahawa, mahali ambapo sumu hukaa. Dukani Wamagana alinunua vidonge vya vitamini. Mzee akameza hivyo.

Na Mzee akanenepa. Midomo ikapona. Akala mukimo akaomba tena. Gatimu aliyatazama hayo kwa kiburi, kwa nini tufiche, kiburi kitupu, akajiambia kwamba ameionja mbolea nyingine akaitema.

Kisha maumivu ya kichwa yakarudi.

Safari hii yalirudi kwa haraka. Mzee aliingia hospitali akiwa amebebwa, hamjui mtu, macho yakitazama pasipo kitu. Jamal alimtoa maji tena, na kuvu ilikuwa imejaa. Wamucii alikonda ndani ya siku chache. Hakwenda chuoni, alilala kwenye kiti cha wodi, na Rukaya alipoleta uji ilibidi amshikie kikombe. Gatimu aliyaona hayo, na kwa mara ya kwanza kushuku kwake kukamgeukia mwenyewe, taratibu, kama maumivu ya jino.

Wamucii alimwita varandani.

"Nataka kukuuliza kitu, na usikasirike. Baba alimeza zile dawa?"

"Unanishuku?"

"Nashuku kila mtu. Nashuku dawa, nashuku maabara, nashuku macho yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu, Gatimu, sina kazi nyingine." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sikia. Kama alimeza na kuvu imerudi, basi imeizoea dawa. Jamal itabidi atumie nyingine, na ile nyingine, figo za baba haziwezi. Tutajaribu tu, lakini hazitastahimili. Kama hakumeza, dawa haijashindwa. Tunaanza tena na ile tunayoijua. Jamal anataka kuamua saa hii. Sasa niambie."

Gatimu alitazama chini. Kusema ni kujifunga mwenyewe. Dada yake angewaambia watu, Wamagana nzima ingejua kwamba mwenye ulimi wa kuonja mbolea ndiye aliyemrudisha baba yake kitandani. Na pengine, pengine, huu nao ulikuwa mtego.

"Kwanza nijibu mimi," alisema. "Ile siku ya kwanza. Ulitoka maabara ukatabasamu. Baba anakufa na wewe unatabasamu. Ulikuwa unafurahia nini?"

Wamucii alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ule ugonjwa mwingine hauna dawa," alisema. "Nilikuwa nimekwisha kumlilia. Nilikuwa nimemzika, Gatimu, tangu ile siku ya kuchora saa. Nikaangalia kwenye hadubini nikaona nilikosea, na huu unatibika."

Wodini muuguzi aliita jina la mtu.

"Hakumeza," alisema Gatimu. "Zote niko nazo. Zimo stoo, na dawa za kahawa."

Alingoja apigwe kofi, maana dada mkubwa ana haki hiyo. Wamucii alikwisha kugeuka. Alikuwa anakimbia kuelekea chumba cha Jamal, viatu vikigonga sakafu, akiita jina lake.

Mzee Wamae alipona. Akili ilirudi, majina yakarudi, hata mzaha wake ukarudi. Macho hayakurudi yote. Jamal alieleza kwamba ugonjwa ule wa pili ulibana mishipa ya macho, na kilichokufa hapo kimekufa. Mzee anauona mwanga wa mlango, na mtu akisimama mlangoni anaona kivuli. Hakuna aliyemwambia kwa nini ugonjwa ulirudi. Kijijini nako hakuna aliyejua. Gatimu alitega masikio sokoni na kanisani, akiwatazama watu usoni, na hakukuwa na kitu.

Siku ya kutoka hospitali, Wamucii alimpa yeye mfuko wa dawa. Hakumpa Ngendo. Gatimu akatafuta hila hapo. Akamchunguza mkewe kama ameambiwa ampeleleze, na Ngendo hakuwa na habari. Akangoja simu ya kumhoji. Simu zilikuja, lakini Wamucii aliulizia chakula cha Mzee, ng'ombe, mvua. Wiki zikapita hivyo. Ingekuwa afadhali atukanwe. Mwisho akashindwa, akampigia yeye, mchana, Wamucii akiwa kazini.

"Mbona huniulizi?" alisema.

"Nikuulize nini?"

"Kama nampa."

Gatimu alisikia friji ya maabara ikinguruma nyuma ya dada yake.

"Nikikuuliza utasema unampa," Wamucii alisema, bila hasira yoyote. "Na mimi sitakuamini. Sitaweza tena, Gatimu, hata nikitaka. Kwa hivyo siulizi. Akija kliniki wanamtoa damu, ninaiangalia mimi mwenyewe."

Gatimu aliyameza hayo. Yeye naye angefanya vivyo hivyo, na alijua.

"Na damu inasema nini?"

"Inasema unampa."

Gatimu alikata simu, akanawa mikono kwa sabuni, akachukua vidonge na kikombe cha maji, akaenda uani ambako baba yake alikuwa ameketi juani. Mzee alisikia hatua zake, akanyoosha kiganja kuvipokea. Alikinyoosha upande ambao hakukuwa na mtu. Gatimu akazunguka kiti, akaenda akasimama upande huo.